Bunduki Mpya na Mkono wa Mwenyewe

Kuna maswali madogo ambayo ndani yake hukaa maswali makubwa, kama mbuyu mzima ukaavyo ndani ya mbegu moja. Mojawapo ni hili: mtu aliyenunua bunduki mpya ya upepo, yenye mtutu mpana na nguvu nyingi, je, yampasa kuiongezea nguvu zaidi mara aipatapo, au yampasa kuitumia kwanza kama ilivyotoka mikononi mwa aliyeiunda? Mwenye haraka atasema kwamba jambo hili ni la fundi na muuzaji, wala halina nafasi katika kitabu cha insha. Lakini tukilitazama kwa utulivu tutaona kwamba limefungamana na tamaa ya mwanadamu, na mipaka ya elimu yake, na haki ya mnyama asiye na wakili, na amani ya jirani aliye ng'ambo ya kichaka. Mambo hayo manne hayauzwi dukani, wala hayapimwi kwa mizani ya fundi.

Makao ya swali hili hasa ni Marekani. Huko watu wengi huwinda kwa idhini ya serikali, na majimbo kadhaa yameruhusu bunduki ya upepo itumike kuwindia wanyama wakubwa. Katika jimbo la Texas, kwa mfano, tangu mwaka 2018 mwindaji aweza kumpiga kulungu kwa bunduki hiyo, mradi mtutu wake usiwe mwembamba kuliko milimita 7.6, na risasi yake itimize kiasi cha nguvu kilichowekwa na sheria. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kwa hiyo msomaji wa kurasa hizi hatarajiwi kuwa na silaha ya namna hiyo chumbani mwake. Hata hivyo, mtu hujifunza ustahimilivu wa baharia bila ya kupanda merikebu. Swali la bunduki latufaa kwa sababu ndani yake makosa huonekana upesi na kwa uwazi: mahali pengine pupa huharibu mali, hapa humwaga damu.

Kwanza na tujue chombo chenyewe. Bunduki ya upepo haina baruti. Hewa hushindiliwa ndani ya chupa ya chuma mpaka msongo wake uwe mara mia au zaidi ya ule ulio katika gurudumu la motokaa. Kifyatulio kivutwapo, nyundo ndogo isukumwayo na kamani hugonga kilango cha hewa. Kilango hufunguka kwa muda mfupi kuliko upepeso wa jicho. Hewa huruka nje, huisukuma risasi mtutuni, kisha kilango hujifunga. Bunduki ndogo ambazo vijana hujifunzia shabaha hurusha kidonge chenye upana wa milimita 4.5 tu. Hizi za mtutu mpana hurusha risasi ya milimita 9, au 11, au hata kupita 12. Hewa inayotumika kwa kila pigo ni nyingi, na aghalabu mpigaji hupata risasi chache tu zenye nguvu sawasawa kabla hajalazimika kuijaza chupa tena.

Basi mtu hununua bunduki hiyo leo, na kabla ya jioni amekwisha kusikia habari za vitu vya kuiongezea: kamani iliyo ngumu zaidi, kilango kilicho kipana zaidi, mtutu ulio mrefu zaidi, chupa iliyo kubwa zaidi. Moyo wake, uliokuwa umeridhika asubuhi, huanza kuona upungufu katika kitu ambacho bado hakijapigwa hata risasi kumi. Hapo ndipo swali letu lizaliwapo.

Ajabu ya kwanza ni hii: mtu huyo ajuaje kwamba bunduki yake ina upungufu? Hajaiona ikishindwa. Hajajua ni risasi ya uzito gani ambayo mtutu wake unaipenda, maana mitutu miwili iliyotoka katika karakana moja yaweza kuhitilafiana katika jambo hilo. Hajajua nguvu yake hushuka kwa kiasi gani kutoka pigo la kwanza hadi la nne. Hajazoea uzito wa kifyatulio wala mshtuko wa kitako begani. Alichonacho si ujuzi wa upungufu, bali ni uvumi wake. Kutengeneza kwa kufuata uvumi ni kama kumnywesha dawa mtu ambaye hajasema anaumwa wapi. Mgonjwa aweza kubahatika asidhurike, lakini mganga hawezi kudai kwamba alitibu.

Upya wa chombo, kwa hiyo, haukai katika chombo peke yake. Bunduki iliyotengenezwa miaka thelathini iliyopita ni mpya kwa mkono usioijua, na iliyonunuliwa mwaka jana ni kuukuu kwa mkono ulioizoea. Tusemapo kwamba kitu ni kipya tunasema jambo moja juu ya kitu na jambo jingine juu yetu. Mwenye bunduki mpya husahau hilo la pili. Husema, "Bunduki hii haijawa tayari," na pengine ukweli ni kwamba mwenyewe ndiye hajawa tayari. Wahenga walilijua jambo hili waliposema kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi aweza kuihakiki kwa kalamu yake. Ili iwe nyepesi, tuuache kando ukinzani wa hewa. Bunduki ya kwanza hurusha risasi kwa kasi ya mita 250 kwa sekunde, na mtutu wake umeinuliwa kidogo ili risasi ipige katikati ya shabaha iliyo umbali wa mita 50. Mwindaji amwona kulungu, akadiria kwamba yuko mita 50, kumbe yuko mita 75. Risasi itapita chini ya mahali alipolenga kwa sentimita 15 hivi. Sasa tuseme mwindaji huyo alikuwa amekwisha kuiongezea bunduki yake nguvu hata kasi ikafika mita 275. Kwa kuwa nguvu ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi, nyongeza hiyo ya sehemu moja ya kumi katika kasi imedai zaidi ya sehemu moja ya tano katika nguvu. Na malipo yake ni nini? Katika kosa lile lile la makadirio, risasi itapita chini kwa sentimita 12.

Mahali penye moyo na mapafu ya kulungu, ambapo risasi ikiingia mnyama hufa upesi, pana upana wa sentimita 20 hivi, yaani sentimita 10 tu kila upande wa katikati. Bunduki ya kwanza imekosa kwa sentimita 15, na ya pili imekosa kwa sentimita 12. Zote mbili zimekosa. Tofauti yao yaonekana katika daftari tu, maana kwa mnyama zote zimemjeruhi mguu au tumbo, naye amekimbilia kichakani kwenda kufa pole pole. Lakini mwindaji wa tatu, mwenye bunduki isiyoongezwa chochote, aliyetumia miezi mitatu kujizoeza kukadiria masafa kwa macho na kuyahakiki kwa hatua zake, angejua kwamba mnyama yuko mita 75. Angelenga juu kidogo, au angeacha kabisa kupiga. Mkono uliofunzwa umemaliza kosa lote, na kamani mpya imepunguza sehemu yake moja ya tano.

Hesabu hii yatufundisha jambo moja zaidi. Risasi hukaa mtutuni kwa muda wa sehemu chache za elfu ya sekunde. Kamani ikiwa ngumu kupita kiasi, kilango hubaki wazi hata baada ya risasi kwisha kutoka. Hewa itokayo wakati huo haina kitu cha kusukuma. Hugeuka kelele, na chupa hupungua bure. Ndivyo ilivyo nguvu iliyozidi kazi yake. Haipotei kimya kimya, bali hupiga ukelele, na wasiojua hudhani kwamba ukelele huo ndio nguvu yenyewe.

Wala nyongeza haiji peke yake. Kamani ngumu hula hewa nyingi. Hewa nyingi yataka chupa kubwa. Chupa kubwa huongeza uzito. Uzito wataka mkanda na kiegemeo. Na kujaza chupa kubwa kwataka bomba la gharama kubwa zaidi. Denis Diderot, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyeishi katika karne ya 18, aliandika insha ya kusikitikia joho lake kuukuu la nyumbani. Alipoliacha na kuvaa joho jipya la fahari, vyombo vyote vilivyokuwa chumbani vilianza kuonekana duni mbele yake, navyo vikaondolewa kimoja baada ya kingine ili vilingane nalo. Tamaa haikai mezani kama mgeni alaye akaaga. Hukaa kama mgeni aitaye ndugu zake.

Historia ya bunduki za upepo yenyewe ina ushahidi wa kutosha. Bunduki hizi si za jana. Karibu mwaka 1780 jeshi la Austria lilipokea bunduki ya upepo iliyobuniwa na fundi aitwaye Bartholomäus Girardoni. Kitako chake kilikuwa ndicho chupa ya hewa. Risasi zake zilizidi upana wa milimita 11. Na mpigaji aliweza kupiga mapigo yapatayo 20 bila ya kushindilia baruti, wakati ambapo askari wa bunduki ya kawaida hakuweza kupiga zaidi ya mara chache kwa dakika. Haikutoa moshi wa kumfichua mpigaji. Kwa maneno mengine, ilikuwa bora kuliko silaha nyingi za wakati wake. Hata hivyo, kufikia mwaka 1815 hivi ilikuwa imeondolewa katika utumishi. Sababu hazikuwa za kukosa nguvu. Kuijaza chupa moja kulitaka kusukuma bomba mara zipatazo 1500. Chupa zilikuwa ngumu kuziunda na rahisi kuvuja. Na silaha yote ilihitaji askari waliofunzwa hasa na mafundi wenye subira. Chombo kilikuwa kimeitangulia mikono ya watu wake, na chombo kilichoitangulia mikono hakifai vitani wala amani.

Kabla ya hapo bunduki ya upepo ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Mwaka 1803 Meriwether Lewis, aliyetumwa na Rais Thomas Jefferson kwenda kuipeleleza njia ya kufika bahari ya magharibi, aliichukua moja katika safari yake, na wachunguzi wengi huamini kwamba ilikuwa ya namna ile ya Girardoni. Safari ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, mwishoni mwa Agosti, katika kisiwa kimoja cha mto Ohio karibu na Pittsburgh, ambapo watu walimwomba awaonyeshe bunduki ile. Lewis aliipiga mara saba, akapata shabaha nzuri. Kisha akampa mtu mwingine asiyeizoea. Bunduki ikafyatuka mkononi mwa mtu huyo bila ya kukusudiwa. Risasi ikapita katika kofia ya mwanamke aliyekuwa umbali wa yadi 40 hivi, ikamkwaruza panja. Mwanamke akaanguka, damu ikamtoka, na wote wakadhani amekufa. Baada ya kitambo akazinduka, na jeraha likaonekana kuwa si la kuua.

Tuyapime matukio hayo. Bunduki ilikuwa ile ile, na siku ilikuwa ile ile. Mkono ulioijua ulipiga mara saba bila ya madhara. Mkono usioijua ulimwaga damu kwa pigo moja. Hakuna kamani, wala kilango, wala mtutu ambao ungalimwokoa mwanamke yule. Kinyume chake, laiti bunduki ile ingalikuwa imeongezwa nguvu siku ile, hatari yake isingalipungua hata kidogo.

Lakini shajara za safari hiyo hiyo zatupa upande wa pili, na haki yatudai tuutaje. Mnamo Juni 1805, katika nchi za mbali za magharibi, kamani kuu ya bunduki ile ilihitaji kubadilishwa. Fundi wa msafara, John Shields, akaweka nyingine, na Lewis akamshukuru kwa werevu wake. Mwezi wa Agosti mwaka ule alama zake za kulengea ziling'oka kwa ajali. Lewis akazirudisha, akairekebisha mpaka ikapiga vema kama zamani. Hapa bunduki ilitengenezwa mara mbili, na hakuna mwenye akili atakayelaumu. Kwa nini? Kwa sababu upungufu ulijulikana kwa matumizi, na lililotafutwa lilikuwa ni kurudisha uaminifu wa chombo, si kukipa majivuno. Basi hatusemi kwamba chombo kisiguswe. Twasema kwamba kiguswe na mtu ajuaye ni nini anachokigusia.

Sasa tuwasikilize wanaopinga, maana hoja isiyopingwa ni kama ngalawa isiyotiwa majini.

Wa kwanza asema: "Bunduki ni mali yangu, nimeinunua kwa jasho langu, na mtu hana haja ya kuulizwa juu ya mali yake." Neno hili lina ukweli kwa kiti na meza. Kwa bunduki ukweli wake huishia mdomoni mwa mtutu. Chuma na mbao ni mali ya mnunuzi, lakini risasi ikiisha kuruka si yake tena. Imekuwa ya yule itakayempata. Risasi nzito ya mtutu mpana ikikosa shabaha yaweza kwenda mamia ya mita, na huko iendako hakuna hati ya ununuzi inayotambuliwa. Kadhalika ile chupa ya hewa iliyoshindiliwa, ikiguswa na mkono usio na ujuzi, yaweza kumpasukia mwenyewe na aliye karibu naye. Kila aongezaye nguvu ya chombo chake huongeza pia eneo la watu anaowiwa uangalifu. Asiyekubali deni hilo asiikubali nguvu.

Wa pili asema: "Mwanadamu aliendelea kwa kutoridhika. Kama baba zetu wangaliridhika na rungu, hakuna ambaye angalitengeneza upinde." Hoja hii ni njema, nami siipingi. Girardoni mwenyewe asingalibuni bunduki yake kama angaliridhika na zile za zamani. Lakini kuna kutoridhika kwa namna mbili. Mwenye kutoridhika kwa namna ya kwanza amekitumia chombo mpaka akafika mwisho wa uwezo wake, akagonga ukuta, akautazama ukuta huo na kuupima. Huyo ajua atakalo, na mabadiliko yake huitwa maendeleo. Mwenye kutoridhika kwa namna ya pili hajaanza safari, lakini amekwisha kuulaumu mguu wa farasi. Mabadiliko ya huyu hayana jina jema. Wahenga walimwonya kwamba mchagua nazi hupata koroma.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote. Asema: "Mimi naongeza nguvu kwa kumhurumia mnyama. Risasi dhaifu hujeruhi. Risasi kali huua upesi. Je, huruma si wema?" Huruma ni wema bila ya shaka, na kama bunduki haikufikia kiasi ambacho sheria na uzoefu vimekiona kuwa chatosha kumwua mnyama wa namna ile, mwenyewe ana mambo mawili tu ya haki: aiongezee nguvu kwa mkono wa fundi ajuaye, au asimpige mnyama huyo kabisa. Hapo nyongeza si anasa, ni sharti. Lakini bunduki iliyofikia kiasi hicho ikiongezwa zaidi, huruma haiongezeki pamoja nayo. Kilichoonyeshwa na hesabu yetu ni kwamba mnyama huokolewa na mateso kwa risasi kuingia mahali pake, si kwa risasi kuingia kwa kishindo. Tena nguvu mpya ina ushawishi wake. Aliyekuwa akipiga kwa mita 50 huanza kujaribu mita 80, kisha mita 100, kwa kuwa ameambiwa kwamba bunduki yaweza. Bunduki yaweza, yeye je? Hivyo nyongeza iliyoombwa kwa jina la huruma huishia kuzidisha majeruhi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na kurefusha fimbo hakumpi mshikaji jicho la kumwona nyoka vema zaidi.

Katika hoja hii ya tatu ndimo ulimo moyo wa jambo letu. Mtu akinunua kalamu mpya na kuibadilisha kabla hajaijua, hasara ni ya mfuko wake. Akifanya hivyo kwa baiskeli, hasara yaweza kuwa goti lake. Hayo ni makosa ya busara, na mwenyewe ndiye alipaye. Lakini kwa bunduki ya kuwindia, mwenye kukosea si mwenye kulipa. Mlipaji ni kiumbe ambaye hakuulizwa kama nguvu iongezwe au isiongezwe. Gharama ya ujinga wetu inapoangukia mwingine, kusubiri hakuwi tena shauri jema la wazee, bali huwa wajibu. Ndiyo sababu nasema kwamba mwenye bunduki mpya hana haki ya kuamua leo kwamba ataiongezea nguvu, wala hahitaji kuamua leo kwamba hataiongezea kamwe. Analowajibika kufanya leo ni kujifunza. Uamuzi ni mtoto wa elimu, na mtoto hazaliwi kabla ya mama.

Atauliza mtu: nitajuaje kwamba wakati wa kuamua umefika? Kuna maswali matatu ambayo mwenye chombo aweza kujiuliza akiwa peke yake, ambapo hakuna wa kumdanganya ila nafsi yake.

La kwanza: je, upungufu huu nimeuona au nimeusikia? Kama ameuona, ataweza kusema ulitokea lini, katika umbali gani, kwa risasi ya uzito gani, na mara ngapi. Kama ameusikia tu, atasema maneno ya jumla. Mwenye kuandika mapigo yake katika daftari kwa muda wa miezi michache hujibu swali hili bila ya taabu.

La pili: je, nyongeza hii itaifanya bunduki iwe tiifu zaidi au kali zaidi? Kifyatulio kilicholainishwa ili kisiyumbishe mkono, alama ya kulengea iliyo wazi zaidi, kitako kilichokatwa kulingana na bega la mwenyewe: haya huongeza utii. Chombo kitiifu hufanya kile ambacho mwenyewe amekikusudia, na makosa yake hupungua. Chombo kikali hukuza kila kitu, jema na ovu, shabaha na kosa. Kwa hiyo utii na utangulie, na ukali ufuate baadaye kama bado wahitajika.

La tatu: kama nyongeza hii ingalifanywa kwa siri, asijue mtu yeyote, je, ningeitaka bado? Nyingi zaidi kuliko tudhanivyo zingaanguka mbele ya swali hili. Lewis mwenyewe, katika safari yake, mara nyingi aliipiga bunduki ile mbele ya mataifa aliyoyakuta ili wastaajabu, na kwa mjumbe anayepita katika nchi za wengine hiyo yaweza kuwa siasa. Lakini mwindaji aliye peke yake msituni hana wa kumstaajabisha. Akitafuta kustaajabiwa, atakuwa amewinda sifa, na mnyama atakuwa amekufa kwa ajili ya soga.

Mwenye kujibu maswali haya kwa unyofu, akaona kwamba upungufu ameushuhudia, na nyongeza yaongeza utii au yatimiza kiasi cha haki, na moyo wake hautafuti sifa, huyo na aende kwa fundi bila ya hofu. Hakuna fadhila katika kung'ang'ania chombo kibovu, wala umaskini wa vyombo si utakatifu. Lakini wengi, wakifika hapo, watagundua jambo la kushangaza. Fedha waliyokuwa wameiweka kwa ajili ya kamani na kilango itakuwa imekwisha kununua risasi za mazoezi, na bunduki waliyoidhania kuwa dhaifu itakuwa imeanza kupiga vizuri. Haikubadilika msumari mmoja. Aliyebadilika ni mwenyewe.

Wewe kijana usomaye, pengine hutashika bunduki maishani mwako, na hilo si hasara. Lakini utapewa vyombo vingi: mashine, elimu, cheo, na pengine mamlaka juu ya watu. Kila kimoja kitakujia kikiwa kipya, na siku ile ile sauti itakuambia kwamba hakitoshi, kiongezwe. Usiikatae sauti hiyo kwa ukaidi, wala usiitii kwa pupa. Iambie ingoje. Kishike chombo chako, kijue uzito wake, jua kifikapo na kisipofika, na juu ya yote jua ni nani atakayeumia ukikosea. Ukiisha kuyajua hayo, nguvu utakayoongeza itakuwa na bwana wake. Usipoyajua, utakuwa umeongeza nguvu isiyo na bwana, na hakuna kitu cha kuogopwa zaidi ya hicho, kiwe mkononi mwa mtu mmoja au mkononi mwa taifa zima.